Desa la Prolog: kwa nini linasema pl wakati kompyuta inataka swipl



Kuna desa la Prolog linazunguka hosteli tangu kabla hata sisi hatujafika chuo. Limetolewa fotokopi ya fotokopi hadi herufi za pembeni zimeliwa, na wenye nalo wanaliazimisha kwa masharti kama baiskeli. Wiki hii jamaa watatu wa mwaka wa pili wamenifuata nalo mkononi. Ukurasa wa kwanza unakwambia uandike pl kwenye terminali, nao wameandika, na kompyuta ikajibu kwamba amri hiyo haipo. Ukurasa wa pili unataka utengeneze faili la .plrc, wakalitengeneza, na programu haikulisoma. Halafu wakaambiwa waongeze kumbukumbu kwa kuandika -G, programu ikagoma kabisa. Mmoja wao alishaanza kuulizia jinsi ya kubadili somo kabla ya dirisha la usajili kufungwa, maana aliamini laptopu yake mbovu na hela ya nyingine hana. Wa pili alishajiandaa kisaikolojia kwa sapu.

Laptopu ni nzima, wadau. Na desa halidanganyi, ila limeandikwa na watu wa zama tofauti, kila mmoja akabandika karatasi zake juu ya za mwenzake. Ukijua historia unalisoma vizuri tu. Basi leo nawapa historia, na tukifika kwenye mambo ya kuwasha na kupanga mazingira nitakwenda taratibu, kwa sababu hapo ndo watu wanaachia njiani.

Tuanzie Marseille, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1972. Alain Colmerauer alikuwa amerudi kutoka Montreal, Canada, ambako alishughulika na kutafsiri lugha kwa mashine. Akiwa na Philippe Roussel na wenzao, alitaka kompyuta izungumze Kifaransa na mtu. Kutoka Edinburgh alikuwa akija Robert Kowalski, bingwa wa mantiki, aliyekuwa akifanyia kazi kanuni ya kuthibitisha hoja ambayo J. A. Robinson aliichapisha mwaka 1965. Mmoja ana lugha, mwingine ana mantiki. Walipokaa pamoja wakaona kwamba sentensi ya mantiki inaweza kuendeshwa kama programu. Jina Prolog lilipendekezwa na mke wa Roussel, likitokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya kupanga programu kwa mantiki.

Programu yao kubwa ya kwanza ilikuwa mazungumzo mafupi. Unaiambia kwamba kila daktari wa akili ni mtu, kwamba kila anayemtibu ni mgonjwa, na kwamba Jacques ni daktari wa akili huko Marseille. Kisha unaiuliza: Jacques ni mtu? Yuko wapi? Je, ni mgonjwa? Kwa mawili ya kwanza ikajibu sawasawa. Kwa la tatu ikajibu kwamba haijui. Hilo jibu la tatu likumbukeni, tutalirudia.

Na sisi mwaka huo? Serikali yetu ilishakuwa na kompyuta tangu 1965, pale Wizara ya Fedha. Hesabu za serikali zikahamishiwa kwenye mashine, mambo hayakwenda yalivyotarajiwa, gharama zikawa kubwa na hesabu zikavurugika. Mwaka 1974 ikapigwa marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Watu wanapenda kuicheka marufuku ile. Mimi siicheki sana, nchi ilikuwa haina fedha za kigeni na imeshaungua mara moja. Ila ukweli unabaki kwamba lugha hii ilipokuwa inakua huko kwao, huku Bara mashine ya kuijaribia ilikuwa bidhaa ya kuzuiwa, na televisheni hatukuziona hadi 1994 (Zanzibar wao walishakuwa nayo, tena ya rangi, tusiongee). Ndiyo maana madesa yetu hayana tabaka la miaka ya sabini lililoandikwa na mtu wetu. Yalianza kwa vitabu vya wengine.

Sasa desa lenyewe. Tabaka la chini kabisa ni la Edinburgh. Mwaka 1977 hivi David Warren na wenzake walikamilisha Prolog ya mashine ya DEC-10, na hiyo ndo iliyoweka sura tunayoiona mpaka leo. Zile alama mbili zinazokusubiri,

?-

ni za kwao. Alama ya :- katikati ya kanuni, herufi kubwa kwa vitu visivyojulikana, mabano ya mraba ya kupakia faili, [user]. ya kuandika moja kwa moja kutoka kwenye kibodi, yote ni Edinburgh. Mwaka 1981 Clocksin na Mellish wakatoa kitabu cha kufundishia kilichofuata mtindo huo, kikaenea vyuoni dunia nzima. Kwa hiyo kurasa za desa zenye [user]. na nukta mwishoni zimezeeka kuliko wengi wetu, lakini zinafanya kazi leo hii bila kubadilishwa herufi. Nukta msiisahau. Ukibonyeza Enter bila nukta, Prolog inakuwekea kimstari kilichosimama | na kunyamaza, nawe unadhani imekwama. Haijakwama, inakusubiri umalize sentensi.

Wajapani nao wakaingia mwaka 1982 na mradi wao wa kompyuta za kizazi cha tano, uliojengwa juu ya mantiki, hadi 1992. Zile kompyuta hazikuiteka dunia. Ila makelele yake ndiyo yaliyofanya kila kampuni itake kuwa na Prolog, na hapo ndipo linapotoka tabaka la pili la desa.

Mwaka 1986 kampuni ya Borland ilitoa Turbo Prolog ya kompyuta ndogo za DOS. Ilikuwa ya haraka, rahisi kwa bei, na skrini yake ilikuwa na madirisha manne. Lakini ilikuwa na sheria zake. Lazima utangaze aina za vitu kabla ya kuvitumia, kwa hiyo programu inagawanywa chini ya vichwa vya domains, predicates, clauses na goal. Ukiona kurasa za desa zenye vichwa hivyo, ruka. Si makosa, ila ni lahaja nyingine kabisa, na ukiibandika kwenye programu ya sasa itakutapikia makosa ukurasa mzima. Yule jamaa aliyetaka kubadili somo alikuwa amekwama hapo kwa siku mbili.

Tabaka la tatu ndilo linalotuhusu. Mwaka 1987 huko Amsterdam, Jan Wielemaker alihitaji Prolog inayoweza kuiita lugha ya C na kuitwa tena na C. Aliyokuwa nayo haikuweza. Akaandika yake. Idara aliyokuwapo chuoni ilihusika na kompyuta kwa sayansi za jamii, na herufi za kwanza za jina lake kwa Kiholanzi ni SWI, basi ikawa SWI-Prolog. Ni ya bure, na kwa miaka mingi amri ya kuiwasha kwenye Linux ilikuwa herufi mbili tu, pl. Faili la mipangilio likaitwa .plrc, na kwenye Windows pl.ini. Aliyeandika kurasa hizo za desa aliandika kilichokuwa sahihi siku hiyo. Baadaye amri ikabadilishwa kuwa swipl, kwa sababu pl ni jina fupi mno na linagongana na mambo mengine. Faili nalo likawa .swiplrc, na matoleo ya sasa yamelihamishia kwingine kabisa.

Haya, tuwashe. Fungua terminali, andika

swipl

Utapata maneno ya kukaribishwa, namba ya toleo, kisha ?- yenyewe. Kutoka, andika halt. na nukta yake, au Ctrl na D. Programu ikizunguka bila kurudi, Ctrl na C, halafu herufi a, inaacha ilichokuwa inafanya na kukurudisha kwenye ?-.

Mnaotoka pande za kwetu mtanisamehe, mfano wangu ni wa nyumbani, Kibaha na Kisarawe. Andikeni faili mliite pwani.pl:

ndani(kiluvya, kisarawe).
ndani(maneromango, kisarawe).
ndani(mlandizi, kibaha).
ndani(kisarawe, pwani).
ndani(kibaha, pwani).
ndani(pwani, tanzania).

imo(X, Y) :- ndani(X, Y).
imo(X, Y) :- ndani(X, Z), imo(Z, Y).

Kisha

swipl pwani.pl

na uko ndani ya ?- faili likiwa limeshapakiwa. Uliza imo(kiluvya, pwani). itakujibu true. Ukigeuza swali, imo(K, kisarawe)., inakupa Kiluvya, ukibonyeza nukta mkato inakupa Maneromango. Kuna wanaopanda daladala Barabara ya Morogoro kila siku, wakifika Kiluvya wanaapa wako Kibaha. Kata ya Kiluvya ni ya Wilaya ya Kisarawe, bwana. Faili la mistari minane linawashinda ubishi wa kwenye siti za nyuma.

Kama hutaki mazungumzo, unataka jibu tu:

swipl -g "imo(kiluvya, pwani)" -t halt pwani.pl

Hiyo -g ni lengo la kutekeleza, -t ni kitu cha kufanya badala ya kukuletea ?-, yaani hapa toka. Lengo likifanikiwa inatoka kimya, likishindwa inalalamika na kutoka na alama ya kushindwa. Nzuri sana ukitaka kujaribu kazi ya darasa mara mia bila kukaa mbele ya skrini.

Kuhusu kumbukumbu. Desa linasema -L, -G na -T. Zamani kumbukumbu ya Prolog iligawanywa sehemu tatu na kila moja ilikuwa na kikomo chake, mtu unakisia ipi itajaa kwanza. Siku hizi kikomo ni kimoja kwa zote:

swipl --stack-limit=256m pwani.pl

Kwenye mashine za biti 64 kikomo cha kawaida ni gigabaiti 1. Kwa laptopu zetu za mitumba, punguzeni, la sivyo programu iliyopotea itameza kila kitu na mtakaa mnaangalia kipanya kimeganda.

Na faili la mipangilio, mrithi wa .plrc. Kwenye Linux linakaa hapa:

~/.config/swi-prolog/init.pl

Kwenye Windows ni folda ya swi-prolog ndani ya AppData\Roaming, jina lilelile init.pl. Folda isipokuwepo, itengeneze mwenyewe. Ndani yake unaandika Prolog ya kawaida, na husomwa kila unapowasha. Ukitaka kuwasha bila kulisoma, swipl -f none. Hii itumieni kabla ya kulaumu mashine, kwa sababu mara nyingi ni mstari mmoja wa zamani uliosahaulika humo.

Mimi humo nina mstari mmoja tu wa lazima. Ukiongeza kata zote za Kisarawe kwenye faili, halafu ukaomba orodha yake kwa findall, SWI-Prolog inakuonyesha majina tisa na kumalizia na |... kana kwamba wino umekwisha. Watu wanadhani data imepotea. Haijapotea, ni skrini inakufupishia. Weka hivi:

:- set_prolog_flag(answer_write_options, [quoted(true), portray(true), max_depth(0)]).

Sifuri hapo ina maana usinifupishie.

Sasa mtego ambao ndo unawauma wengi kwenye testi. Chukua kanuni ya pili ya imo na uiandike kinyume:

imo(X, Y) :- imo(X, Z), ndani(Z, Y).

Kimantiki haijabadilika kitu. Mtu yeyote akiisoma atakubali. Lakini ukishamaliza majibu na kuomba jingine, Prolog inajiuliza imo ili ijibu imo, inajiuliza tena, mpaka kikomo cha kumbukumbu kinagonga. Kowalski aliandika mwaka 1979 kwamba programu ni mantiki pamoja na uongozi wa namna ya kuifuata. Mantiki ni ileile, uongozi ndo umebadilika. Watengenezaji wa XSB kule Stony Brook, Marekani, miaka ya 90 walitafuta njia ya kukumbuka maswali yaliyokwisha kuulizwa ili mashine isizunguke, na SWI-Prolog nayo sasa inayo. Unaandika juu ya faili

:- table imo/2.

na kanuni ile ya kinyume inamaliza salama. Ila kwenye mtihani wakikuuliza kwa nini, usijibu "weka table". Eleza mzunguko.

Tumrudie Jacques wa Marseille. Uliza faili letu imo(minaki, kisarawe). Jibu: false. Minaki! Shule iliyohamia Kisarawe kutoka Kiungani, Zanzibar, mwaka 1925, ikiwa chuo cha Mtakatifu Andrea cha wamisionari wa UMCA. Ipo palepale karibu miaka mia sasa. Mashine haisemi uongo, inasema haikuweza kuthibitisha, kwa sababu hakuna aliyeiandikia. Lakini neno inalotumia ni lilelile la kitu kisicho kweli. Programu ile ya 1972 ilijibu kwamba haijui, ya leo inajibu false. Keith Clark aliliwekea jambo hili misingi yake mwaka 1978: kushindwa kuthibitisha kuhesabiwe kuwa ni kukanusha. Inarahisisha kazi sana, nakubali. Lakini ukijenga mfumo wa kumwambia mtu kama anastahili mkopo au hastahili, halafu karatasi zake hazijaingizwa, ataambiwa false, na dirishani hakuna atakayemweleza tofauti. Sihitaji kuwaambia wanaosubiri boom namaanisha nini.

Nimalizie na kitu ambacho desa halina kabisa, wakati ndicho Prolog ilichozaliwa kukifanya, yaani lugha. Colmerauer aliacha aina ya sarufi inayoandikwa moja kwa moja kama programu, na Pereira na Warren wakaieleza vizuri zaidi mwaka 1980. Na jamani, kwa Kiswahili inakaa kama imeshonewa. Ongezeni haya kwenye faili:

sentensi --> jina(N), kitenzi(N).
jina(1) --> [mtoto].
jina(2) --> [watoto].
jina(7) --> [kitabu].
kitenzi(1) --> [ameanguka].
kitenzi(2) --> [wameanguka].
kitenzi(7) --> [kimeanguka].

Ile N ni ngeli. Mstari wa kwanza peke yake unasema upatanisho wote: ngeli ya jina na ya kitenzi iwe moja. Jaribu phrase(sentensi, [kitabu, kimeanguka]). unapata true. Weka [kitabu, ameanguka] unapata false, na safari hii ni false ya haki.

Kazi kubwa ya kweli ya kuchambua Kiswahili kwa kompyuta haikufanywa kwa Prolog, niseme wazi. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza mwaka 1985 mfumo ulioitwa baadaye SALAMA, akitumia njia ya Mfini mwenzake, Koskenniemi, ya mwaka 1983. Inafurahisha kwamba ni Finland. Ni moja ya nchi za Nordic zilizoanzisha mradi wa Kibaha mwaka 1963, shule, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima, kisha wakaukabidhi kwa Tanzania mwaka 1970, likawa Shirika la Elimu Kibaha. Hao watu na sisi tunafahamiana siku nyingi. Na mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikishirikiana na Wasweden kikatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kwa hiyo anayesema lugha yetu na kompyuta haviendani, mwonyesheni mistari saba hiyo juu.

Tena sarufi hiyo inafanya kazi pande zote mbili. Msiipe sentensi, mpeni nafasi tupu:

?- phrase(sentensi, S).

S = [mtoto, ameanguka] ;
S = [watoto, wameanguka] ;
S = [kitabu, kimeanguka].

Kazi ya kujaribu kabla ya testi: ongezeni ngeli ya mti na miti, halafu kivumishi, "kitabu kizuri kimeanguka". Mtaona kwamba mstari wa sentensi unabadilika kidogo sana. Desa nimelipitia lote kwa kalamu nyekundu. Kila pl imekuwa swipl, .plrc imepelekwa kwenye init.pl, na kurasa za Turbo Prolog nimezifunga kwa pini peke yake na kuandika juu "1986, DOS". Lipo pamoja na pwani.pl kwenye fleshi yangu, na mimi jioni niko maktaba, meza za karibu na dirisha. Njooni na fleshi zisizo na virusi.